Kuku wa Ndani na Kuku wa Nje

Mwaka ugonjwa wa mdondo ulipopita Fukayosi, mama mkubwa wangu Sihaba aliwazika kuku wake wote katika shimo moja nyuma ya nyumba, akalifukia mwenyewe, kisha akaingia ndani akajilaza mpaka magharibi. Hakulia. Mumewe, Bwanausi, alipofariki alilia hadi sauti ikamkauka, lakini kwa kuku alijizuia. Alisema mtu mzima akililia kuku watu watamcheka. Mama yangu, ambaye ni mdogo wake, alipopata habari alinituma nitoke Bagamoyo mjini nikakae naye siku mbili tatu. Nilimkuta anafagia uwanja usiokuwa na hata unyoya.

"Karibu, Nadhira," aliniambia. "Umekuja kunipa pole ya kuku?"

"Nimekuja kukuona, mama mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Keti. Leo sina hata yai la kukukaangia."

Kuku ndio waliokuwa wakiisukuma nyumba ile. Mhogo ulimpa chakula, korosho zilimpa kitu mara moja kwa mwaka zikikubali, lakini mtu akiugua, mwalimu akidai mchango, mgeni akibisha hodi, alikuwa anainuka anaenda bandani. Sisemi kwamba kuku wale waliishi peponi. Mwewe alichukua vifaranga, nguchiro alikuja alfajiri, na siku za kuuza mama mkubwa aliwafunga miguu akawaning'iniza vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli mpaka Kiwangwa, kama wafanyavyo watu wote. Lakini mchana walikuwa na mambo yao. Walichakura, walioga vumbi chini ya mkorosho, walipigana wakapatana, na alikuwa anamjua kila mmoja kwa tabia yake. Kulikuwa na tetea aliyemwita Bi Shari kwa sababu ya ugomvi wake, naye alizikwa katika shimo lile pamoja na wenzake.

Alibaki na mjukuu wake Adila, ambaye mama yake alimwacha akaenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mtoto alikuwa bado shule ya msingi. Ilibidi mama mkubwa atafute kibarua.

Wakati huo mfanyabiashara mmoja wa Dar, Bwana Ashrafu, alikuwa amenunua mashamba ya korosho upande wa kuelekea Makurunge, akakata mikorosho na kujenga banda refu la matofali na bati. Alitafuta wanawake wenye mkono wa kufuga. Watu wakamtaja Sihaba. Akaenda pamoja na jirani yake Wahida, mwanamke kijana aliyeachwa na mumewe akiwa na watoto wadogo. Msimamizi aliyewapokea aliitwa Haidar, kijana aliyesomea mifugo chuoni, mpole, asiyempita mtu mzima bila kumwamkia.

Mwanzoni ilikuwa kazi ya heri. Kuku wa mayai walikaa chini, juu ya maranda ya mbao, wakizunguka banda zima. Walikuwa wengi kuliko aliowahi kuwaona maishani mwake, wote wa rangi moja, hana jina la kumpa yeyote, lakini akiingia na ndoo walimkimbilia na kumdonoa miguuni, naye akirudi nyumbani alikuwa anamsimulia Adila huku anacheka. Mayai yaliyopasuka wafanyakazi waliruhusiwa kuyachukua. Adila akanawiri. Wahida akaezeka bati chumba chake.

Dar es Salaam ilikuwa inatanuka upande wetu, Bunju, Mapinga, Kerege, na kila penye watu watatu kuna kibanda cha chipsi, na chipsi bila mayai watu hawazitaki. Bwana Ashrafu akaona banda lake haliwatoshi wateja. Badala ya kujenga jingine, akaleta keji.

Zilikuja katika kontena, juu ya lori lililokwama mchangani karibu na shamba hata wanakijiji wakaitwa kulisukuma. Vilikuwa vizimba vya nyaya za chuma, vya kupangwa ghorofa juu ya ghorofa. Fundi aliyekuja kuvifunga aliitwa Najim, mtu wa maneno mengi na mzaha. Mama mkubwa aliwekwa kumsaidia kuosha vyuma, na alipokuwa anasugua aliona kutu, na manyoya makavu yaliyonasa kwenye viungo vya nyaya.

"Fundi," alimwuliza, "mbona hivi vimeshatumika?"

"Vimetumika, mama. Vimetoka Ulaya. Kule wamevipiga marufuku. Serikali zao zimesema kuku asiwekwe humu, wafugaji wakaambiwa wavitoe. Sasa wavitupe, na bado ni vizima? Wanatuuzia sisi."

"Wamevipiga marufuku kwa nini?"

"Wanasema kuku anateseka."

"Na kuku wa huku?"

Najim akacheka, akachukua spana yake. "Wa huku ni wa huku, mama. Wenzetu wameshiba. Mtu akishiba ndiyo anapata nafasi ya kumwonea kuku huruma."

Maneno hayo mama mkubwa alikuja nayo Bagamoyo kwenye arusi ya mdogo wangu. Watu wanapiga vigelegele uani, yeye amekaa nami jikoni anamenya vitunguu. Akaniuliza, "Nadhira, kitu kikiwa haramu kwa mwenzako, akakuletea wewe, amekuletea nini?" Nilimwambia labda huko wana sheria zao. Akasema, "Labda," akaendelea kumenya.

Vizimba vilipokamilika, kuku waliingizwa. Kila kizimba kilitiwa kuku wanne au watano, na nafasi ya kila mmoja haikuzidi sinia dogo. Hawakuweza kukunjua bawa. Sakafu ilikuwa ya nyaya, imeinamishwa ili yai likitoka libiringike lenyewe mpaka kwenye mfereji wa mbele. Vifaranga walikuja wamekatwa ncha za midomo ili wasidonoane. Kuchakura hakukuwepo, wala vumbi la kuoga. Baada ya miezi kadhaa kucha za wengine zilirefuka zikajizungusha kwenye nyaya, na kumtoa kuku wa namna hiyo kulitaka mkasi. Shingo zikapata upara kwa kusugua chuma wakati wa kula. Samadi ilirundikana chini, harufu yake ikachoma macho, na ni hapo mama mkubwa alipoanza kukohoa.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko zamani. Hilo alilikubali. Kuinama kulipungua, mayai yalikuwa safi, na kuku walikufa wachache kwa maradhi. Kilichomsumbua alikieleza kwa shida. Alisema kuku akitaka kutaga ana heshima yake, hutafuta pembe yenye giza, hujizungusha, hutaka afichwe. Wale walikuwa wanajizungusha palepale, wanasukumana, wanapanda juu ya wenzao, mpaka yai linawatoka mbele ya wote. Kila asubuhi jambo lilelile. "Unaona kama ni aibu yao," alisema, "halafu unaona ni aibu yako."

Siku moja alimfuata Haidar alipokuwa anakunywa chai.

"Mwanangu, huwezi kumwambia tajiri wapunguzwe? Wawe watatu watatu. Au wapewe hata kibao cha kukanyagia."

Haidar alimsogezea kiti. "Mama, chuoni tulifundishwa haya yote. Kuku anahitaji kiota, anahitaji kitu cha kutulia juu yake, anahitaji nafasi. Najua. Lakini nikimwambia Bwana Ashrafu awapunguze, yai linapanda bei. Likipanda, muuza chipsi atachukua kwa mwingine mwenye keji kama sisi. Nchi yetu haijafika huko bado."

"Itafika lini?"

"Tukitajirika."

"Nani atatajirika? Mimi au Bwana Ashrafu?"

Haidar hakuwa mtu mbaya, na mama mkubwa mpaka leo hapendi asemwe vibaya. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mama," alisema. "Ule mtaa wenu, zamani watoto walikuwa wanakula yai mara ngapi?"

Na hapo alikuwa na haki. Zamani yai lilikuwa la kutotoa au la kuuza. Mtoto alilipata akiwa mgonjwa. Sasa mayai ya shamba lile yalifika kila duka la Fukayosi, akina mama wakayachemsha na kuyauza penye lango la shule na kachumbari kidogo juu. Mama mkubwa aliyaona mwenyewe, na Adila alikuwa mmoja wa wanunuzi. Akarudi bandani.

Baadaye ilikuja habari ya hoteli. Hoteli moja ya ufukweni, ya wageni wakubwa, ilitaka mayai ya kuku wanaotembea. Wageni wake walikuwa wanauliza mezani kuku wameishije kabla hawajalila yai, na walikuwa tayari kulipa zaidi kwa jibu zuri. Bwana Ashrafu akaamuru sehemu iliyo mbele ya shamba izungushiwe uzio wa makuti, ipandwe nyasi, iachiwe miembe miwili, na waletwe kuku wa kienyeji wazuri wa rangi mchanganyiko. Wakajengewa banda dogo la mbao lenye viota vya majani. Mama mkubwa akapewa kuwatunza hao, pamoja na kazi yake ya ndani. Wafanyakazi wakawaita kuku wa nje na kuku wa ndani.

Aliwapenda kuku wa nje, hawezi kukana. Alipokaa nao alikuwa kama amerudishiwa uwanja wake. Lakini kila akitoka kwao akaingia kwenye banda refu alijisikia vibaya kuliko zamani, kwa sababu sasa alikuwa anapita mlango mmoja tu kutoka kwa hawa kwenda kwa wale.

Wageni walianza kuletwa kutazama. Haidar aliwaambia wanawake siku hizo wavae kanga safi. Mara moja alikuja bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima wa umri wa mama mkubwa, pamoja na msichana wa hoteli aliyekuwa mkalimani. Bibi yule alichuchumaa nyasini, akamwaga punje kiganjani, kuku akaja akala mkononi mwake. Machozi yakamlengalenga. Akamwambia msichana aseme kwamba kwao wamepigana miaka mingi kuku waishi hivi, na amefurahi kuona watu wasio na kitu wanajua kuwatunza wanyama.

Kisha akanyoosha kidole kwenye banda refu. "Anauliza pale ni nini," msichana alisema.

"Stoo," alijibu Haidar. "Chakula na vifaa."

Mama mkubwa alikuwa amesimama na ndoo. Aliponisimulia alitikisa kichwa kama anayekataa kitu. "Kuku maelfu hawanyamazi, Nadhira. Sauti yao inafika barabarani. Yule bibi alisikia, maana aligeuza sikio. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndoo. Naye akainuka, akapangusa magoti, akasema ahsante, wakaenda zao. Sijui ningesema nini. Ningesema, kesho nisingekuwa na kazi. Naye angesema, chakula chake kingemshinda. Tukaachana hivyo."

Yaliyomfanya ajulikane yalitokea masika ya mwaka uliofuata. Mvua zilinyesha bila kupumzika, Ruvu ikajaa, maji yakakata barabara, na lori la chakula cha kuku likashindwa kuja. Haidar akapunguza posho ya kuku, akachanganya pumba za mahindi za kijijini. Watu wakadhani barabara ikifunguka mambo yatatulia. Ikafunguka, magari yakapita, lori halikuja.

Haidar alipiga simu mbele yao, akaweka sauti juu ili wafanyakazi wasikie na wasimlaumu yeye. Bwana Ashrafu alisema chakula kimepanda mno, mayai hayana bei, na kuku wale hata hivyo wanakaribia kuchoka kutaga. Amewauza kwa mnunuzi mmoja, atakuja na gari kuwabeba. Kuwalisha kuku waliokwisha kuuzwa ni kumwaga mali.

"Na hiki kidogo kilichobaki stoo, bosi?"

"Wape wa nje. Wageni wa hoteli wanakuja Jumamosi."

Mama mkubwa aliufuata utaratibu. Alikwenda na ndoo kwa kuku wa nje, ambao tangu mvua zinyeshe walikuwa wanaokota kumbikumbi na minyoo mpaka wanawaacha, akawamwagia chakula wakakichezea. Nyuma yake, ndani, waliposikia ndoo ikigonga, walianza wote kwa pamoja kugonga mifereji mitupu kwa midomo yao iliyokatwa. Wahida aliziba masikio kwa kanga. Mama mkubwa alisema sauti ile ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati, ila mvua hukatika.

Mnunuzi hakuja siku ile, wala iliyofuata. Haidar akapanda gari kwenda Dar kumwona tajiri uso kwa uso, akawaachia wanawake funguo. Kuku wakaanza kufa. Waliokufa walikanyagwa na waliokuwa hai, na waliokuwa hai wakawadonoa. Siku ya Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, mama mkubwa aliweka ndoo chini akamwambia Wahida, "Mimi nawafungulia."

"Dada Sihaba, usinitie matatani. Nina watoto."

"Nenda nyumbani. Ukiulizwa, sema uliondoka mapema."

Wahida akaondoka. Mama mkubwa akafungua milango miwili ya banda wazi kabisa, nyasi za masika zikawa zinaonekana nje, kijani tupu, zimefika magotini. Kisha akaanza na kizimba cha kwanza, akazungusha kiwaya kilichofunga mlango, akauvuta, akasogea pembeni awapishe.

Hawakutoka.

Alingoja. Akamtoa mmoja kwa mikono, akamweka sakafuni. Kuku alisimama kidogo, magoti yakatetemeka, akaketi. Akamtoa mwingine, huyo aliruka kwa hofu, na aliposhuka mguu ulivunjika, mama mkubwa akausikia ukivunjika kama kijiti cha kuwashia moto. Alifungua safu nzima na safu ya pili. Wachache walijikokota mpaka mlangoni, jua likawapiga, wakarudi kivulini. Nyasi zile walizofunguliwa wazile, hakuna aliyejua kuwa ni chakula. Mmoja alidonoa msumari.

Watoto waliokuwa wanapita kwenda msikitini waliona milango imefunguliwa. Haikuchukua muda habari ikafika kijijini: shamba la tajiri limeachwa, kuku wako ovyo. Masika ile njaa ilikuwa ya watu pia. Mihogo ilioza ardhini, vibarua vilikuwa havipo. Watu wakaja na magunia.

Mama mkubwa alipowaona, akatuma mtu amwite kaka yake Kitwana, ambaye ndiye huchinja kwenye shughuli zote za Fukayosi. Alikuwa ameshakata tamaa ya kuwaponya, akawa anataka wafe vizuri tu. Kitwana alikuja na kisu chake, akakinoa, akaanza kazi kwenye ngazi ya banda, bismillahi moja baada ya nyingine. Watu wa kwanza walipanga mstari.

"Wachukueni," mama mkubwa aliwaambia, "lakini kila mmoja apitie kwa Kitwana. Wameteseka kutosha."

Mstari ulidumu kidogo. Waliokuwa nyuma walipoona waliokuwa mbele wanajaza, waliingia kwa mlango wa pili. Walivuta kuku kwa shingo, kwa bawa, kwa mguu wowote uliotokeza; mifupa ilikatikia kwenye nyaya. Waliwashindilia wazima kwenye magunia, wengine wakakaa juu ya magunia yao wasiibiwe. Mama mkubwa alisimama katikati na mikono juu, akipiga kelele, "Jamani, ni viumbe! Jamani, ni viumbe!" Mwanamke mmoja anayemjua tangu utotoni alimsukuma kando akamwambia, "Sihaba, ndani mwangu nina viumbe sita. Nipishe."

Akampisha.

Walipomaliza ndani, walitoka nje wakaona kuku wa hoteli. Uzio wa makuti haukuwazuia. Wale walijua kukimbia, wakapanda miembe, wakapigwa mawe, na ndio waliopiganiwa zaidi kwa kuwa walikuwa na nyama.

Mnunuzi alifika na gari lake jioni ileile. Haidar alikuwa ndani yake, amekuja naye kutoka Dar. Alitembea bandani mwote, akatoka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimwuliza mama mkubwa kwa nini hakungoja.

"Nimengoja, mwanangu," alimwambia. "Wewe ulikuwa hufi na njaa, ndiyo maana huoni kuwa nimengoja."

Mama mkubwa alikamatwa, akalala kituo cha polisi siku chache. Mimi nilimpelekea chakula kutoka Bagamoyo, wali na samaki, hakula. Kitwana naye aliitwa akahojiwa. Bwana Ashrafu alikuja, amevaa kanzu ya kitani, akazungumza pembeni na Haidar, kisha akaomba shauri lile limalizwe. Watu walisema ana moyo wa huruma. Haidar ndiye aliyeniambia sababu nilipokutana naye sokoni baadaye: kesi ingefika mahakamani, mahakamani kuna waandishi, na hoteli ingejua kuwa lile banda halikuwa stoo. Mama mkubwa akaachiwa kwa sharti asikanyage tena shambani.

Kijijini hakupokewa kama shujaa. Waliopata kuku wachache walimlaumu kwa kutowaita mapema. Waliokosa walisema aliwaita ndugu zake kwanza. Wahida alikosa ujira miezi shamba lilipofungwa, akamnunia, wakawa wanapishana kisimani bila salamu. Wavulana wakamtungia jina, Mama Mkombozi, wakawa wanampigia kokoko akipita. Siku ile ya magunia alikuwa ametoka shambani na kuku watatu chini ya kanga yake, akawawekea majani, akawalowekea pumba. Wawili walikufa. Wa tatu aliishi hadi kiangazi, akijifunza kutembea kwa upande, kisha asubuhi moja akakutwa amelala mlangoni. Hakufuga tena.

Shamba lilifunguliwa upya kwa vifaranga wapya. Keji ziliongezwa, mara hii mpya, zimetoka nchi nyingine, na uzio wa mbele ukawa wa matofali, na kuku wa nje wakarudishwa, na wageni pia. Haidar hakurudi, alipata kazi Mkuranga, kwenye shamba kubwa kuliko lile. Wahida alirudi. Adila alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, akakaa nyumbani, kisha siku moja akamwuliza bibi yake kama atakasirika akienda kuomba kazi pale. Nilikuwepo.

"Jifunge kitambaa puani," mama mkubwa alimwambia. "Usikivue hata ukisikia joto."

Nilipomfuata nje nikamwuliza kwa nini hakumkatalia, alijibu kwa ukali nisiouzoea. "Nimkatalie, nimpe nini? Wewe una nini cha kumpa?"

Sasa anakaa kwa Kitwana, aliyehamia Kiwangwa. Alijaribu vibarua vya kuvuna mananasi, kifua kikamshinda. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali ya Bagamoyo, wakamsikiliza mgongo, wakamwandikia dawa, wakamwambia akae mbali na vumbi na harufu kali. Alicheka kidogo kwa hilo, kicheko kikamwishia kwenye kikohozi. Tulikaa kwenye benchi kungoja dawa. Pembeni yetu mama mmoja alikuwa anamlisha mtoto wake mgonjwa yai la kuchemsha, anamnyofolea kidogo kidogo, mtoto anafungua kinywa. Mama mkubwa aliwatazama muda wote huo.

"Mama mkubwa," nilimwuliza, "ukirudishwa siku ile, ungefungua tena?"

Alisema yeye kila siku hufikiria si watu wa magunia, wala polisi, wala Bwana Ashrafu. Hufikiria kile kizimba cha kwanza.

"Nilidhani watatoka," alisema. "Nilisogea kabisa, nikawapisha. Nilidhani kiumbe chochote ukikifungulia kitatoka."

Jina lake likaitwa dirishani. Nikaenda kuchukua dawa, nikamshika mkono, tukatoka polepole tukielekea kituoni, yeye akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi.